Amri Kumi: kinachowashika watazamaji wa Dodoma si bahari

Mtu wa Dodoma akienda kujaza flashi muvi za Pasaka na kusema "niwekee ile ya Musa", mara nyingi haulizwi ipi. Ni The Ten Commandments ya Cecil B. DeMille, ya mwaka 1956, yenye urefu wa karibu saa tatu na dakika arobaini.

Vijana wanaoikimbia wana hoja. Waigizaji wanatamka kila sentensi kama wako mimbarani, na mapenzi ya Nefretiri, binti wa kifalme wa Misri, kwa Musa yanakula muda mrefu ilhali Kitabu cha Kutoka hakiyataji hata kwa mstari mmoja.

Lipo kubwa zaidi ambalo wanaoisifia huliruka. Misri iko Afrika, lakini Musa ni Charlton Heston, Mmarekani mweupe, na mfalme wa Ethiopia, aliyeigizwa na Woody Strode, analetwa na Musa mbele ya Farao baada ya vita kama mshirika wa kulinda mipaka ya kusini ya Misri. Halafu DeMille mwenyewe anatokea mwanzoni mbele ya pazia na kuuliza kama watu watawaliwe kwa sheria ya Mungu au kwa matakwa ya dikteta. Hapo ni Marekani ya Vita Baridi inayosema, imemvalisha Musa maneno yake.

Mbona basi haichuji? Wengi watajibu ni dini. Hainitoshi. Mwaka 2014 Ridley Scott alikisimulia kisa hichohicho kwa takriban dola milioni 140, wakati DeMille alitumia kama milioni 13, na ni nani leo anaiulizia ya Scott? Wengine watataja bahari kupasuka. Lakini ile bahari ni maji yaliyomwagwa kwenye tangi la studio, kisha picha ikachezwa kinyumenyume. Ilipata Oscar, leo hata mtoto anaona pale picha zilipounganishwa.

Kwangu mimi, nguvu yote iko kwenye kuondoka Misri. DeMille alijenga malango ya mji hukohuko Misri, akayajaza maelfu ya watu na mifugo hai. (Alikuwa na miaka 73, alipata mshtuko wa moyo kwenye seti hiyo, na baada ya siku chache akawa kazini tena.) Kamera haina haraka. Kuna mizigo, mbuzi, wakongwe wanaobebwa, na mzee anayekata roho akiwa na mche wake wa mtini aliotaka kuupanda huko waendako. Mfugaji wa Bahi anajua kundi la kweli linavyotembea. Ng'ombe wa kompyuta hawagomi wala hawanyi njiani.

Tena Ugogo, nchi ya Wagogo hapa Dodoma, unaijua safari ya namna hiyo. Njaa ya Mtunya, mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, iliwatawanya watu. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma ikawahamishia kwenye vijiji vya Ujamaa, safari ya agizo la serikali, wala hakukuwa na Farao wa kumkimbia. Anayeyakumbuka hayo hahitaji kutafsiriwa dakika zile.

Hilo halimfanyi Heston kuwa Mwebrania, wala halimfanyi mfalme wa Ethiopia kuwa zaidi ya mlinzi wa mpaka wa Farao. Ningekuwa mwalimu wa historia ningeanza na hotuba ya pale kwenye pazia, wanafunzi waichambue kabla hawajazama kwenye hadithi. Na atakayechoshwa na Nefretiri asogeze mbele tu; msafara uko sehemu ya pili, baada ya mapumziko.