Kura ya Mheshimiwa Mchonga Vifungo

Birmingham, tarehe 1 Novemba 1871.

Jamani, hata chai sijanywa, mlango unagongwa. Kumbe mpambe wa mgombea udiwani! Kofia ndefu, utepe kifuani, karatasi mkononi. "Mheshimiwa!" Mimi huyu, mchonga vifungo. Pango nalipa kwa wiki, kodi ya mji imo humohumo, na tangu 1869 hilo linatosha kuniingiza kwenye daftari la wapiga kura. Ndiyo uheshimiwa wenyewe.

Karatasi alishaijaza. Jina la mgombea, anakoishi, kazi yake. Imebaki sahihi yangu na mtaa wangu. Ndiyo kura yetu hiyo: unasaini kama hati ya deni, ili mwenye nyumba ajue wa kumtoa. Muswada wa kura ya siri Mabwana wa baraza la juu la Bunge wameutupa Agosti. Wao hawana mwenye nyumba.

Nikajikaza, suruali nimeishika kwa mkono mmoja. "Bwana, mimi nina msimamo."

"Upi, mheshimiwa?"

"Bado nautafakari."

"Mwenye nyumba wako ameshakutafakaria."

Nikameza mate. "Haya, huyo mtu wenu akiwa diwani atafanya nini?"

"Atabana matumizi!"

"Bomba la uani linatoa maji ya kahawia."

"Hayo ni matumizi."

"Choo kimoja, uani kote."

"Matumizi hayo, mheshimiwa!"

"Na shimo la majivu limefurika tangu—"

"Matumizi!" akasema, akarudi nyuma kwa msisitizo, mguu ukazama hadi gotini. Ukatoka bila kiatu. Hapo ndipo nikamsikia akiuliza, kwa uchungu wa kweli, halmashauri ya mji huu inafanya kazi gani.

Dirisha la juu likafunguka. Mama mjane wa ghorofani, naye ana kura. Wanawake wasio na waume wanaolipa kodi wamepewa mwaka huohuo wa 1869. Mpambe akavua kofia, akainama, soksi inachuruzika. "Bibi, mgombea wetu anakusalimu."

"Mwambie nimepokea. Ndoo hiyo hapo, bomba lile pale."

Akachota! Akapanda nayo ngazi, mguu mmoja kiatu, mwingine soksi. Mama akapokea maji, akasema atafikiria, akafunga mlango. Mimi nilisaini, nina watoto.

Akaja mpambe wa upande wa pili, akaahidi bia. Nyapara naye ananiangalia kwa jicho ambalo halihitaji karatasi. Na kura zinapigwa saa tatu hadi saa kumi, siku ya Jumatano! Nani aliyeketi akapanga hivyo? Wangeiweka Jumatatu, siku ambayo mafundi wa mji huu wamezoea kutoonekana kazini, tungekwenda wote na nguo safi. Sasa utakimbia saa ya chakula, mkate mdomoni, ukaulizwe kama kweli ni wewe uliyesaini na kama hujapiga kura tayari. Mimi? Nipige mara mbili? Mara moja tu imenitoa jasho!

Tena ukimbie wapi? Kampuni mbili za gesi zinashindana kuchimba mtaa wetu. Huyu akifukia, yule anafukua. Jana punda wa muuza makaa kaingia shimoni na gari lake, tumemvuta mtaa mzima, na makaa yenyewe nusu mawe. Nikamlalamikia muuzaji. Akanitazama, akaniuliza kama jina langu limo kwenye daftari, maana shemeji yake anagombea mwakani.