Tumeshatia Dawa

Kuna sentensi inayofunga mjadala kwenye kila bafu linalojengwa: "Usiwe na wasiwasi bosi, tumeshatia dawa." Dawa yenyewe ni ule unga wa kuzuia maji, kilo moja, unaochanganywa kwenye lipu kwa kila mfuko wa saruji wa kilo 50. Ukishamwagwa, basi, anayeuliza zaidi anaonekana mbishi. Sasa fasheni ya bafu la mvuke imeingia majumbani, kuanzia Mbezi Beach hadi Karen, na sentensi ni ileile, unga ni uleule. Kilichopanda ni bei ya vigae tu.

Hebu tuelewane. Unga ule unapunguza vitundu vidogo ndani ya lipu. Hauzuii ufa. Lipu inayopashwa moto jioni na kupoa usiku, siku nenda siku rudi, itapata ufa, na ufa haujui kwamba mlitia dawa. Na msiniletee habari za vigae. Kigae cha posilini hakinywi maji, sawa. Grauti ya saruji iliyo katikati yake inayanywa vizuri tu.

Lakini hayo ni ya shawa ya kawaida. Mvuke una mambo yake. Maji hushuka; ukiyaonyesha mteremko na tundu, yanakwenda. Mvuke husukuma pande zote, dari ikiwemo, na hupenya mahali ambapo tone la maji lingekwama. Hewa ya nyuzi 45 iliyoshiba mvuke hubeba takriban gramu 65 za maji katika kila mita ya ujazo. Hewa ya nyuzi 30, hata ikishiba kabisa, haibebi zaidi ya 30 hivi. Tofauti hiyo ndiyo inayousukuma mvuke kuingia ukutani, na ukikutana na tofali lenye ubaridi unageuka maji humo humo. Sasa tazama mpangilio tunaoupenda: bafu la mvuke limepakana na chumba cha kulala chenye kiyoyozi kwenye nyuzi 20. Ukuta ule unafanya kazi ya mfuniko wa sufuria ya wali. Haupiti muda, rangi ya chumbani inatoa malengelenge, chumvi nyeupe inachipua chini ya ukuta, kabati linanuka uvundo, na anayeitwa kwanza ni fundi rangi. Anakwangua, anapaka, analipwa. Kisha anaitwa tena.

Kwa hiyo usimuulize muuzaji "inazuia maji?" Muulize "inazuia mvuke?" Dawa nyingi za saruji za sehemu mbili, unga na maziwa yake, huzuia maji lakini huuachia mvuke upite, kwenye ukuta wa nje hiyo ni sifa, kwenye bafu la mvuke ni kasoro. Omba karatasi ya kiufundi, utafute neno perm, kipimo cha mvuke unaopita. Mwongozo wa Tile Council of North America, baraza la vigae la Amerika Kaskazini, kwa vyumba vya mvuke unataka 0.5 au chini ya hapo. Muuzaji asipokuwa na karatasi, rudisha pesa mfukoni. Lami nayo msiifikirie: joto huilainisha, na gundi ya vigae haishiki juu yake.

Unachonunua ni utando wa kuzuia mvuke, na utando huo, uwe wa shiti au wa kupaka, uvae chumba chote: sakafu, kuta, benchi, kizingiti, kishubaka cha sabuni, na dari. Naam, dari, ile ile mnayotaka kuiwekea jipsamu yenye taa za rangi. Jipsamu ya kawaida kwenye mvuke ni suala la kuhesabu siku. Shiti zipandane angalau sentimita 5. Wa kupaka uende mikono miwili, wa pili ukikatiza wa kwanza, na kila kona ipate mkanda wa kitambaa kabla. Ndoo iliyoandikwa kwamba inatosha mita za mraba 10, ikiwatosha 20, hapo mmepaka rangi.

Dari yenyewe isiwe bapa. Watengenezaji wengi wa mitambo ya kuzalisha mvuke wanataka mteremko wa takriban sentimita 17 kwa kila mita, ili matone yatambae hadi ukutani badala ya kukudondokea mgongoni, na urefu wa chumba usizidi mita 2.4. Sakafuni, sentimita 2 kwa mita kuelekea tundu la maji, na mteremko huo uwe chini ya utando. Kuutengeneza kwa gundi ya vigae juu ya utando uliolala bapa ni kufuga bwawa.

Kubandika vigae kwa mabonge manne ya gundi na moja la katikati nakuita uharibifu. Kila uwazi nyuma ya kigae ni kikombe. Tumia mwiko wa meno, paka na mgongo wa kigae, kisha ng'oa kimoja kikiwa kibichi ukitazame: gundi ishike asilimia 95. Katikati ya vigae weka grauti ya epoksi. Kwenye kona zote silikoni, kwa sababu kona zinacheza.

Mengine kwa mkato. Bomba la mvuke liwe la shaba, lisiwe na koki wala bonde la kutuamisha maji. Mtambo wa kilowati 6 unavuta kama ampea 26 kwenye volti 230, basi uwe na waya wake na kinga yake ya miliampea 30, ile inayokata umeme ukivuja. Maji ya kisima yenye chumvi yatajaza ukoko kwenye elementi, weka kilainishi cha maji. Mlango ufungukie nje.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba utando wa kweli una bei inayouma, na kwamba kwa shawa ya kawaida ile dawa ya sehemu mbili iliyopakwa vizuri inatosha. Basi jenga shawa ya kawaida! Hakuna aibu.

Kabla ya kigae cha kwanza cha sakafuni, ziba tundu, jaza maji sentimita 5, chora alama ya penseli, ondoka saa 24. Alama ikiachana na maji, tafuta pa kulaumu mapema, utando bado unaonekana.

Na yote yakishakwenda sawa, atakuja fundi wa kioo na dirili yake, apige skrubu nne kwenye kizingiti, katikati ya utando ulioulipia. Mkamate mlangoni. Chaneli ya chini inayoshika kioo ibandikwe kwa silikoni. Skrubu zikae ukutani, na kila tundu lijazwe silikoni kabla skrubu haijaingia.