Seli Iliyovuliwa Ukuta Haijibu Kila Swali

Tangu watafiti Schroeder, Hedrich na Fernandez walipoonyesha chaneli za potasiamu (njia za ioni kwenye utando) za seli walinzi, zile zinazofungua na kufunga vitundu vya jani, za mmea wa Vicia faba mwaka 1984, pachi-klampu, yaani pipeti ya kioo inayobandikwa kwenye utando wa seli iliyovuliwa ukuta, imekuwa kipimo cha umakini wa maabara ya umeme wa mimea. Sindano ya kioo, ile inayochomwa ndani ya seli ikiwa bado kwenye jani, inasemwa vibaya: inatoboa, inavujisha, wala haikuambii ni chaneli ipi iliyofunguka. Lawama hizo zina ukweli. Shida ni kwamba mshindani wake hapimwi kwa mizani hiyohiyo.

Nguvu ya pachi-klampu haina ubishi. Ukuta wa seli unayeyushwa kwa vimeng'enya vya selulasi na pektinasi, ndani ya maji yenye sobitoli (aina ya sukari) ya kutosha ili protoplasti, yaani seli isiyo na ukuta, isipasuke. Mabaki ya ukuta yakisalia, pipeti haishiki. Ikishika vizuri, ukinzani unapita gigaomu moja, na mkondo wa chaneli moja, pikoampea chache tu, unaonekana. Ioni za pande zote mbili za utando unazichagua mwenyewe.

Uhuru huo una gharama. Ukipasua utando chini ya pipeti ili urekodi seli nzima, mchanganyiko wa pipeti unachukua nafasi ya saitoplazimu (majimaji ya seli) ndani ya dakika chache. Malati na vijumbe vingine vidogo vinaoshwa, na EGTA, kemikali inayowekwa kwenye pipeti, inaifunga kalisi, ambayo mara nyingi ndiyo ishara yenyewe inayotafutwa. Shinikizo la maji lililokuwa likiusukuma utando ukutani nalo halipo tena.

Sasa turudi kwenye uvujaji, hoja inayopendwa na wanaoikataa sindano. Tuseme seli ina milivolti −180 na utando wenye ukinzani wa gigaomu 2. Tundu la kando ya sindano likiwa na gigaomu 1, amplifaya itasoma −60: theluthi mbili ya volteji imepotea, na mtafiti mwenye haraka ataandika kwamba pampu ya protoni, inayoijenga volteji hiyo, imelala. Hatari hiyo ni ya kweli, hasa kwa seli ndogo. Ila hesabu haibagui mbinu. Protoplasti yenye utando wa gigaomu 2 na mshiko wa gigaomu 1 inapoteza kiasi hichohicho, na huo mshiko unasifiwa!

Uvujaji wa chumvi una dawa. Sindano ya kawaida hujazwa kloridi ya potasiamu ya molari 3. Kloridi ikivujia ndani inaharibu kipimo mahali pabaya kabisa, kwa sababu katika mimea ni kutoka kwa kloridi kunakoporomosha volteji wakati wa msukumo wa umeme, kisha potasiamu inayotoka huirudisha. Kwa seli walinzi, mtafiti Blatt alitumia asetati ya potasiamu ya milimolari 200 badala yake. Ukinzani wa sindano unapanda na kelele inaongezeka, lakini kloridi ya seli haiguswi.

Kuna maswali ambayo protoplasti haiwezi hata kuulizwa. Mwaka 2013 kundi la mtafiti Farmer huko Lausanne, Uswisi, lilionyesha kwamba jani la Arabidopsis, mmea mdogo wa maabara, likijeruhiwa, badiliko la umeme hufika majani ya mbali, na kwamba jeni za GLR (za protini zinazofanana na vipokezi vya glutamati) zinahusika. Elektrodi zilikaa juu ya majani ya mmea mzima. Seli iliyotengwa haina pa kupeleka ishara.

Mahali ambapo sindano inashindwa kweli hapatajwi sana. Seli walinzi zilizokomaa hazina plazmodesmata (vijia vinavyounganisha seli) zinazofanya kazi, kwa hiyo mkondo unaotiwa ndani kwa sindano unabaki ndani. Kwenye gamba la mzizi mkondo huo unatorokea kwa seli jirani, na ukiugawa kwa eneo la utando wa seli moja unapata namba isiyo na maana. Zaidi ya hapo, vakuoli, mfuko wa maji wenye utando wake, inajaza sehemu kubwa ya seli, na ncha ikizama humo unapima tando mbili kwa pamoja. Kwa kazi ya mzizi ya namna hiyo, vua ukuta.