Mwiko wa Posho na Meidei Tatu

Mwiko ule niliuiba siku ya Jumapili, Mama Jiko alipokuwa kanisani. Najua neno "kuiba" ni zito kwa kadeti wa urubani wa jeshi la Uganda, lakini nikisema niliuazima mtaniuliza ruhusa nilipewa na nani.

Haukuwa mwiko wa nyumbani. Ulikuwa wa kusongea posho, yaani ugali, ya kambi nzima, mrefu kama kasia la Ziwa Victoria. Ukikaa kwenye kiti cha plastiki, ukausimamisha ubapa wake sakafuni katikati ya miguu, mpini unakuja mkononi pale pale fimbo ya ndege inapokaa. Niliujaribu jikoni kwanza, nikaona Mungu ameniletea ndege.

Shida yetu ilikuwa simuleta, ile mashine ya kujifunzia kurusha ndege ukiwa bado chini. Kambi ile, ambayo siitaji kwa sababu bado naihitaji pensheni, ilikuwa na moja tu, nasi kadeti tulikuwa 24. Zamu yako ilikuwa nusu saa kwa wiki, na hiyo ni kama umeme upo. Zamu yangu ya tatu nilikuwa futi 200 nakuja kutua, uwanja umekaa vizuri mbele yangu, mara kila kitu kikawa giza. Nikatamka kwa sauti ya kishujaa, kama nilivyofundishwa:

"Afande, injini imezimika!"

Jibu likatoka gizani. "Si injini, kadeti. Ni stima. Toka taratibu, usije ukagonga kichwa."

Huyo ndiye mwalimu wangu. Sisi tulimwita Afande Taratibu, yeye akiwa mbali. Ni yeye aliyetusimulia kwamba simuleta ya kwanza iliyofana ilitengenezwa mwaka 1929 na Mmarekani mmoja, Edwin Link, kijana aliyekulia katika kiwanda cha baba yake cha piano na vinanda. Alichukua mivukuto ileile inayopulizia vinanda, akaifunga chini ya kisanduku chenye vibawa vifupi, kisanduku kikawa kinainama na kugeuka kama ndege. Watu walikiona mchezo wa kwenye maonyesho. Jeshi la Marekani lilikuja kuvinunua mwaka 1934, baada ya kupewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege na marubani wake wengi kufa katika mawingu na usiku. Mwanafunzi alikuwa anajifunza kufa ndani ya kisanduku, halafu anatoka kwenda kunywa chai.

Nikawaza: kama mtu wa vinanda aliweza, mimi nashindwaje?

Basi nikaweka kiti changu mbele ya ukuta wa bweni. Ukutani nikabandika nakala ya picha ya kokpiti, saa zote na vitufe vyote. Chini nikapanga kandambili mbili ziwe pedali za usukani wa mkia. Mwiko katikati. Jirani yangu wa kitanda cha juu akajiteua kuwa mnara wa kuongozea ndege, akawa ananiruhusu kuruka bila hata kufumbua macho.

Na siwatanii, mazoezi ya kiti ni kitu cha kweli, marubani wa dunia nzima wanayafanya. Saa moja ya ndege inakula mafuta ya pesa nyingi, na ndani yake utatua mara tano au sita. Kwenye kiti mimi nilikuwa natua mara 40 kabla ya kulala, zote laini kama siagi. Siri yake ni kusema kwa sauti kila unachokifanya. "Sema!" Afande Taratibu alikuwa akisisitiza. "Mkono ukisahau, mdomo utaukumbusha." Kwa hiyo nikawa nasema. Nilisema bwenini, nilisema bafuni, na usiku mmoja nilisema usingizini kwamba injini inawaka moto. Bweni zima likatoka nje na blanketi.

Zoezi nililolipenda kuliko yote ni la injini kuzimika. Bibi yangu wa Bombo, Mnubi asiyependa maneno mengi, aliposikia nimechaguliwa urubani aliuliza swali moja tu: "Na ikizimika huko juu, unashukia wapi?" Swali hilo halikunitoka. Nikakariri jibu lake kama dua: shusha pua kidogo upate mwendo wa kuelea, tafuta shamba, kagua mafuta na magineto (vile vifaa vinavyoipa injini cheche), jaribu kuiwasha, ita meidei mara tatu, kaza mikanda, fungua mlango. Meidei ndiyo ile sauti ya kuomba msaada, iliyotokana na Kifaransa cha "nisaidieni". Kwenye mazoezi unaitamka kwa mdomo tu, ijue njia yake. Hubonyezi kitufe cha redio.

Hapo ndipo palipo na kisa. Mwiko hauna kitufe.

Fimbo ya ndege inacho, hapo hapo kidole kinapopumzika. Ukikibana, sauti yako inaruka hewani, mnara na ndege zote zinakusikia, na wewe humsikii yeyote wa nje mpaka ukiachie. Mimi kwa wiki mbili nilikuwa nimeufundisha mkono wangu kushika fimbo kama mtu anayesonga posho ya watu 200, vidole vyote vitano, kwa nguvu zote.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Tulipanda mpaka futi 3,000 juu ya ardhi, hewa imetulia. Nilishika fimbo. Redio nayo ilikaa kimya kabisa.

"Leo anga limepoa," Afande Taratibu akasema, amefurahi. "Hata mnara hawatusumbui."

Kisha akauvuta nyuma mkono wa resi mpaka mwisho. Injini ikashuka sauti ikawa inanguruma chini chini kama paka. "Injini imezimika, kadeti. Unashukia wapi?"

Maneno ya bibi! Nikafurahi mpaka nikatoa jasho, nikaanza kusema kama nilivyozoea. Mimi na yeye tulikuwa tunasikizana vizuri kwa vinasa sauti vya ndani. Lakini huko chini, kwenye spika ya chumba cha mazoezi walipokaa wenzangu, ilisikika sauti moja tu, ya kwangu. Walinisimulia baadaye, wakipokezana, na wengine wanaisimulia mpaka leo kwenye harusi:

"Injini imezimika, afande!"

"Mwendo sabini… sabini… mama yangu, tisini. Sabini."

"Lile shamba la mihogo, afande. … Vichuguu? Sikuviona afande. Basi lile la pili. … Wale ni ng'ombe kweli, afande?"

"Mafuta yapo. Magineto zote mbili. Haiwaki!"

"Taratibu, afande? Ndiyo, afande. Nashika laini, kama ule mwiko wa Mama Jiko."

"Meidei, meidei, meidei!"

"Mikanda, kaza. Mlango, fungua."

"Nimekufa, afande? … Ndiyo, afande. Nimekufa."

Maana Afande Taratibu alikuwa ameniambia kwa upole kwamba kwa mwendo ule na vichuguu vile, mimi ni maiti. Akasema, "Nipe ndege." Nikaachia fimbo, yaani nikaachia na kitufe. Kwa hiyo kule chini, baada ya "nimekufa", kukawa kimya.

Pengine ningeyasema yote kwa Kiingereza cha kitabuni, kile cha redio, wangehisi ni zoezi. Lakini Kiswahili cha mtu mwenye hofu hakuna askari wa Uganda asiyekielewa.

Afande Taratibu alirudisha resi, tukaanza kupanda, na redio ikalipuka. Mnara ulikuwa unatuita kwa sauti ya mtu anayeita kaburini. Akajibu ametulia: "Tunawasikia vizuri. Tumemaliza zoezi, tunarudi."

Kimya kidogo.

"Zoezi gani?"

Afande Taratibu aliniangalia. Akaiangalia fimbo. Akakiangalia kidole changu, ambacho bado kilikuwa kimekunjwa hewani kana kwamba kinasubiri sufuria. Hakusema kitu mpaka tulipotua, na mtu wa taratibu akinyamaza ndipo unapojua umekwisha.

Gari la zimamoto lilikuwa limeshaondoka kwa barabara ya marramu kulitafuta shamba la mihogo. Na uwanja wetu bila gari la zimamoto haukurusha ndege, hiyo ilikuwa kanuni. Safari zote za alasiri zikafutwa. Kadeti 23, kila mmoja akiwa ameisubiri saa yake ya ndege wiki nzima, walikaa kivulini wakinitazama kama wanavyotazama kaloli, wale korongo wakubwa wa jalalani Kampala. Gari lenyewe lilirudi jioni, limejaa matope, na nyuma kuna gunia la mihogo. Wanakijiji waliambiwa wamtafute marehemu, hawakumpata, wakaona si vizuri wageni waondoke mikono mitupu.

Haya yote ningeyavumilia. Nilichokuwa sikukitarajia ni nani aliyesimama karibu na ndege nilipofungua mlango. Hakuwa kamanda. Alikuwa Mama Jiko, na aproni yake, mikono kiunoni. Wakati wa kisa alikuwa amepeleka birika la chai chumba cha mazoezi, akamsikia marehemu akiungama.

"Wewe kijana," akasema. "Wiki mbili nasonga posho kwa mti wa mwembe. Mwiko wangu uko wapi?"

Niliusongesha mwiko ule siku saba, alfajiri na mchana, kwa amri ya Afande Taratibu, na sharti lake lilikuwa moja: vidole viwili tu. Jaribu kusonga posho ya kambi kwa vidole viwili. Siku ya nne Mama Jiko alinihurumia akanifundisha kwamba nguvu inatoka begani, mkono unaelekeza tu. Samahani kwa walimu wangu wote wa urubani, lakini hakuna aliyenieleza vizuri zaidi jinsi ya kushika fimbo.

Niliporudishwa hewani wiki iliyofuata nilikuwa mtu mwingine. Nilishika kwa vidole viwili, laini, mdomo nimeufunga kabisa. Tukafika mwanzo wa njia ya kurukia, nikasimama. Afande akasubiri. Mimi nikasubiri. Kile kitufe sikutaka hata kukiangalia.

Mwishowe mnara wenyewe ukaita, kwa Kiswahili, kinyume cha kanuni zote:

"Mwiko, Mwiko, hapa mnara. Tuambie kama bado uko hai."