Mume Anaenda Limuru Kusomea Uchungaji. Na Mke Je?

Kijana wa kanisa hapa Malindi akipata nafasi ya kusomea theolojia, parishi nzima hufurahi. Inatangazwa Jumapili, kwaya inaimba, harambee ya karo inaitishwa, na wazee wanamwekea mikono "mtumishi wetu". Mara nyingi kijana mwenyewe ameoa juzi tu, maana makanisa mengi ya Kiprotestanti humtazama kwa jicho la shaka mchungaji asiye na mke. Basi anayeitwa mbele kuombewa ni mmoja, na wanaofunga mizigo ni wawili. Niseme mapema ninakoegemea: safari hiyo ina maana, ila kwa namna inavyopangwa, gharama yake kubwa humwangukia mtu ambaye hakuna aliyemuuliza.

Huko anakokwenda kusoma, kwa Waanglikana na wengine kadhaa, ni Limuru, katika Kaunti ya Kiambu. Kutoka Malindi ni zaidi ya kilomita 600 ukipitia Mombasa: usiku mzima ndani ya basi, unashuka Nairobi, na bado hujafika. Mji wenyewe uko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na Julai ni ukungu na baridi ya kumfanya mtoto wa Pwani akohoe mwezi mzima. Cha ajabu ni kwamba chuo anachokifuata huko kilianza huku kwetu. Chuo Kikuu cha St. Paul's kilizaliwa mwaka 1903 pale Freretown, Mombasa, katika kijiji walichoanzisha wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1930 kikahamishiwa Limuru, 1955 Wapresbiteri na Wamethodisti wakaungana na Waanglikana kukiendesha, na 2007 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu. Kwa hiyo Mpwani anayepanda basi leo anakifuata chuo kilichomhama babu yake.

Wanaotetea safari wana hoja nzito, na mimi sizibezi. Ya kwanza ina jina: Shakahola. Aprili 2023 makaburi ya waumini walioambiwa na mhubiri wao wafunge hadi kufa yalianza kufukuliwa katika msitu ule, hapa hapa Kilifi, na miili iliyotolewa ilipita 400. Serikali iliunda kikosi kazi chini ya Mchungaji Mutava Musyimi kuangalia jinsi mashirika ya dini yanavyosimamiwa, na swali la elimu ya wachungaji likawa gumzo kila mahali, hadi kwenye vibaraza. Baada ya hapo ni vigumu kumtazama mtu usoni ukamwambia kwamba wito unatosha bila masomo. Ninachokiona kuwa cha thamani zaidi chuoni si cheti. Ni kukaa chumba kimoja na watu waliosoma Biblia ile ile wakaielewa tofauti, na kulazimika kujibu wanapokuuliza "umeitoa wapi hiyo?" Mhubiri ambaye hajawahi kupingwa na mwenzake ni hatari kwa waumini, hata akiwa na moyo safi.

Hoja ya pili husemwa kwa sauti ya chini, lakini ndiyo inayonigusa. Makanisa ya kaunti za Kilifi, Tana River na Lamu hayajazwi na Wagiriama na Wapokomo peke yao. Nenda Mpeketoni, Lamu, kwenye mashamba ya makazi yaliyogawiwa tangu miaka ya 1970: waumini wengi ni Wakikuyu, na kumbukumbu ya mashambulizi ya Juni 2014 yaliyoua watu wengi bado ni mbichi. Mchungaji wa Kigiriama aliyekula githeri na watu wa Limuru, akafiwa nao, akacheka nao, ataingia Mpeketoni na kitu ambacho hakifundishwi darasani. Tena Pwani haina haki ya kuona ajabu mtu kusafiri kwa ajili ya elimu ya dini. Habib Swaleh, mwanachuoni wa Kiislamu, alitoka Ngazija akaja Lamu, na Riyadha, msikiti na madrasa aliyoiasisi, imevuta wanafunzi kutoka pande nyingi za Afrika Mashariki. William Jones na Ishmael Semler, Waafrika waliopewa ushemasi hapa Pwani mwaka 1885, walikuwa wamesomeshwa Nasik, India, baada ya kukombolewa kutoka kwa wafanyabiashara ya watumwa.

Iko na ya tatu, inayohusu ndoa yenyewe. Wenzi wachanga huku hawaamui mengi peke yao. Mama mkwe yuko nyumba ya pili, mjomba ana neno kuhusu mahari iliyobaki, na jamaa hufika bila hodi. Wakihama wanalazimika kuongea wao kwa wao. Wapo waliorudi wameshikana kuliko walivyoondoka, na sioni sababu ya kuwabishia.

Sasa tumgeukie mke.

Tumchukue mwalimu wa chekechea, kazi ambayo wake wengi wa wainjilisti wanaifanya. Katiba ya 2010 iliikabidhi elimu ya awali kwa kaunti, kwa hiyo mwajiri wake ni Kaunti ya Kilifi. Mwalimu wa msingi aliye chini ya TSC, tume ya taifa inayoajiri walimu, angalau anaweza kuomba uhamisho hadi Kiambu, apate au akose. Huyu wa chekechea hana pa kuombea. Akienda Limuru ameacha kazi. Kama alikuwa na saluni au anauza nguo, wateja wake hawamfuati. Kama mshahara wake ndio uliokuwa ukilipa kodi ya nyumba wakati mume anahubiri kwa posho ya sadaka, basi kanisa limekata tawi ambalo mtumishi wake alikuwa amekalia. Karo hupigiwa hesabu kila kikao cha kamati. Kipato cha mke kilichopotea sijasikia kikitajwa.

Halafu kuna uzazi. Mimba ya kwanza huku ina watu wake: mama mzazi anakuja, kuna uji, maji ya moto, kukandwa, arobaini inahesabiwa. Wenzi wakigombana, shangazi anaketishwa. Huko juu kuna nyumba ya chumba kimoja au viwili, mume aliye maktaba hadi usiku, majirani wanaoongea lugha nyingine dukani, na nazi moja inayouzwa kwa bei ya kukuchekesha. Mwanamke aliyekuwa na watu ishirini wa kumwita jina sasa anaitwa mke wa mwanafunzi. Wapo wanaosema hayo ni mazoea tu, atazoea. Huenda. Lakini wanaosema hivyo, nikiwaangalia, wengi ni wanaume.

Sherehe ya kuagana haikosi mahubiri ya Abrahamu: "Toka wewe katika nchi yako, na jamaa zako." Ni andiko zuri. Ila sura ile ile ya 12 ya Mwanzo inaendelea, njaa inawapeleka Misri, na Sarai anajikuta ndani ya nyumba ya Farao kwa sababu mumewe alisema ni dada yake. Mhubiri wa siku ya kuaga huwa hafiki aya hiyo. Wala hagusi Kumbukumbu la Torati 24, inayomwachilia mume mpya mwaka mzima asiende vitani wala kupewa shughuli yoyote, akae nyumbani amfurahishe mkewe. Simaanishi iwe sheria ya dayosisi. Lakini inaonyesha kwamba Maandiko yenyewe yalijua kuna wakati katika ndoa ambao hata kazi ya taifa zima inaweza kungoja, na kamati inayomtuma kijana miezi mitatu baada ya harusi ingefanya vyema kuisoma kwa sauti.

Na historia ya kanisa la Pwani ina kaburi linalohusu jambo hili. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosina, wote wakiwa wamehama mbali mno na kwao. Mwaka huohuo, mwezi wa Julai, Rosina alikufa siku chache baada ya kujifungua, na mtoto naye hakuishi. Walizikwa upande wa Nyali. Tunamkumbuka Krapf kwa kamusi na tafsiri zake, na anastahili. Zama zimebadilika, kuna hospitali na simu. Siwatishi watu kwa kaburi la 1844. Ninachosema ni kwamba tangu mwanzo kanisa letu limezoea kuandika safari ya mume, na ya mke ikawa tanbihi.

Je, kuna njia nyingine? Ziko, na si za kudharauliwa. Mombasa ipo Taasisi ya Bishop Hannington. Ni kama kilomita 120 tu, na mwanafunzi anaweza kurudi nyumbani Ijumaa kwa matatu. Kuna pia masomo yanayomfuata mwanafunzi alipo: vitabu vya kujisomea, kikundi kinachokutana na mkufunzi, kazi ya parishi inaendelea. Mtindo huo ulianzishwa Guatemala mwaka 1963 na Wapresbiteri, baada ya kuona kwamba viongozi halisi wa makanisa ya vijijini hawawezi kuacha mashamba na familia, na baadhi ya waliokwenda mjini kusoma hawakurudi vijijini. Ukiwaza makanisa madogo ya Chakama na Magarini, yanayoongozwa na watu wasio na masomo yoyote, kumwondoa kwa miaka mitatu au minne yule mmoja anayeweza kuwafundisha wenzake ni hasara inayoonekana.

Udhaifu wa njia hizi nao usifichwe. Mwanafunzi anayesoma nyumbani hasomi. Anaitwa kwenye matanga, anatumwa kuchukua viti, anahubiri Jumapili tatu mfululizo kwa sababu mchungaji anasafiri. Kikundi kinachokutana mara moja kwa mwezi hakimpi mtu ule ubishi wa kila siku niliousifu juu. Na stashahada haifungui milango ambayo shahada inaifungua, hilo halina ubishi. Mimi ningependa aanze nyumbani mwaka mmoja au miwili, ndoa ikae, ndipo aende Limuru akiwa anajua anachokwenda kuuliza.

Kwa anayetaka kujipima, ageuze swali. Kanisa la Kianglikana Kenya huwaweka wakfu wanawake. Mwaka 2021 Rose Okeno akawa askofu wa Butere. Kama mwenye wito ni mke, je, mume ataacha kazi yake hotelini Malindi amfuate Limuru miaka minne, akae nyumbani na mtoto? Je, wazee watamhubiria Abrahamu? Anayejibu "ndiyo" bila kusita ana haki ya kumwambia mkewe afunge mizigo. Wengi niliowauliza walicheka kwanza.

Kwa hiyo kabla ya harambee, kamati iandike mambo mawili kando ya karo. Mke atafanya nini miaka hiyo: atasoma naye, hata kozi fupi yenye cheti kinachotambulika, au atapewa posho inayokaribia mshahara aliouacha? Na wakirudi, nani atasimama naye kaunti atakapoomba kazi tena, badala ya kumkabidhi uongozi wa Umoja wa Akina Mama bila malipo? Kama jibu ni "tutaona huko mbele", wenzi hao wapande matatu ya Mombasa, na mke aendelee na darasa lake la chekechea.