Pimeni Daraja Kabla ya Kulitwisha Mzigo

Mwanafunzi anayejenga daraja la vijiti na kulitwisha mzigo mpaka livunjike anajifunza fizikia ambayo ubao hauwezi kumpa. Ndiyo maana inaniuma nikikuta kanuni za mashindano zimeishia kwenye sentensi moja: litakalobeba mzigo mkubwa zaidi ndilo mshindi. Kanuni hiyo inampa ushindi mwenye vijiti vingi na gundi nyingi. Wanafunzi wakishaisoma tu, wanaacha kuchora, wanaanza kurundika.

Ninavyoona mimi, daraja lipimwe kwanza uzito wake, kisha mzigo liliobeba ugawanywe kwa uzito huo. Tuseme daraja moja lina gramu 600 na limebeba kilo 30. Hiyo ni mara 50 ya uzito wake. La pili lina gramu 150, limeanguka kwenye kilo 15. Watazamaji watalishangilia la kwanza, lakini la pili limebeba mara 100, na waliolijenga ndio waliofikiri. Reli ya TAZARA, ya kutoka Tanzania hadi Zambia, ilipojengwa kati ya 1970 na 1975, kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kipande cha Mlimba hadi Makambako, chenye milima na mabonde, na kila tani ya chuma na saruji ilibidi kwanza ifikishwe kwenye yale mabonde. Kwenye kazi ya namna hiyo hakuna anayesifiwa kwa kurundika.

Kaa karibu na meza mchanga wa kulitwisha daraja unapomiminwa kwenye ndoo, uangalie kijiti cha juu, pale katikati. Kinaanza kupinda kwenda pembeni, taratibu, gundi inalia kwenye viungo, halafu ghafla kila kitu kiko chini. Kijiti chembamba kinachogandamizwa hushindwa kwa kupinda kabla ya kupondeka. Mwanahisabati Leonhard Euler alishaonyesha hilo karne ya 18: ukiupunguza urefu wake kuwa nusu, na ncha zimeshikwa vilevile, mzigo wa kukipindisha unakuwa mara nne. Kwa hiyo kijiti kimoja cha kukishikilia katikati kinaweza kusaidia kuliko gundi ya chupa nzima. Aliyerundika vijiti atalijulia wapi hilo?

Namna ya kutwika mzigo nayo iandikwe. Waamuzi wengine hupachika mawe moja moja, kila jiwe likiachiwa kwa kishindo. Mzigo ukiachiwa mara moja, hata bila kudondoshwa kutoka juu, unaweza kuleta mkazo unaokaribia mara mbili ya ule wa kuwekwa polepole. Basi daraja moja likipata mwamuzi mpole na jingine mwenye haraka, hapo hakuna tena mashindano. Ndoo itundikwe katikati, mchanga mkavu umiminwe kidogo kidogo, daraja likivunjika ndoo ipimwe pamoja na mchanga wake.

Vifaa, wote wapewe sawa. Vijiti vya aiskrimu vya dukani si vya lazima. Iringa ina mianzi, ileile inayogemwa ulanzi, na Mafinga mabaki ya mbao za paini yapo. Fito zichongwe kwa unene mmoja na zenye vifundo zitolewe. Gundi ikae kwenye viungo tu, kupaka fito nzima iwe marufuku.

Najua walimu watasema mizani ya gramu ni shida. Maabara ya kemia inayo. Iazimwe asubuhi hiyo, irudishwe jioni.

Na kuna alama ambazo ningezipigania hata mbele ya kamati nzima: 20 kati ya 100 ziende kwa kundi lililoandika, kabla ya mchanga wa kwanza, ni kijiti gani kitaanza kushindwa na kwa nini. Simu moja irekodi kutoka ubavuni. Vipande vikishaokotwa, kundi lisimame na karatasi yake, video irudiwe polepole mbele ya wote, na mwamuzi atoe alama hizo hapohapo.