Damu ikishuka baada ya kupandikizwa figo, tuzilaumu dawa za kushusha kinga?

Wengi wakishapandikizwa figo wanajua habari ya damu kupungua wameiacha kwenye mashine ya dayalisisi, maana figo ndo inatengeneza erithropoietini, ile homoni inayouamsha uboho utoe chembe nyekundu, sasa figo mpya si ipo? Alafu kipimo kinarudi himoglobini (kipimo cha wingi wa damu) 9, iko chini, mtu anaangalia rundo la vidonge vyake anasema hizi dawa za kushusha kinga ndo zinanimaliza.

Hajakosea sana. Mikofenoleti na azathioprini zinazuia seli za kinga zisizaliane, ila hazichagui, na uboho nao unazalisha seli usiku na mchana kwaiyo unapigwa humohumo. Sirolimusi nayo inajulikana kwa kushusha damu. Kwaiyo anayemwambia dokta "nipunguzie dozi" ana hoja.

Mimi lakini nasita. Dozi ikipungua mwili unaweza kuikataa figo, figo ikichoka homoni inapungua, damu inashuka tena, na safari hii na figo yenyewe inaondoka. Alafu wahusika ni wengi: upungufu wa madini ya chuma (wengine wanaingia upasuaji akiba imeshakwisha), kotrimoksazoli (antibayotiki), valigansiklovia (dawa ya virusi), hata vidonge vya presha kama losartani. Hivi vyote vikaguliwe kabla mtu hajaigusa mikofenoleti. Kirusi cha parvo B19 ndo kinanifanya nisiwe mkali sana, kinga ikiwa chini kinakaa kwenye uboho na kuzima chembe nyekundu, na hapo kupunguza dawa za kinga ni sehemu ya tiba kabisa.

Kuongezewa damu je? Inaokoa, ila inaweza kuufundisha mwili kutengeneza kingamwili dhidi ya tishu za watu wengine, wakati umebeba figo ya mtu. Sindano za erithropoietini nazo zina ubishi wake: utafiti wa CHOIR wa 2006, kwa wagonjwa wa figo ambao hawajafika dayalisisi, ulionyesha kulenga himoglobini 13.5 kunaleta matatizo zaidi ya moyo kuliko 11.3, alafu CAPRIT wa 2012, kwa waliopandikizwa, ukaona kulenga 13 mpaka 15 kunapunguza kasi ya figo kuchoka. Ila CAPRIT walikuwa watu 125 tu, mimi nisingekimbilia 15.

Na wanaotumia azathioprini, gauti ikiwashika wakaandikiwa alopurinoli kliniki nyingine, kinachotokana na azathioprini kinarundikana mwilini na uboho unaweza kuzimika, wakati dozi yenyewe haijabadilika hata kidogo.